Ugawaji wa bonde la mto kwa data za mwinuko za kidijitali

Ugawaji wa bonde la mto kwa data za mwinuko za kidijitali ni mbinu ya hidrolojia ambayo kompyuta husoma kimo cha ardhi katika nukta nyingi, hutambua maji ya mvua yatatiririkia upande gani, kisha hugawa bonde zima katika sehemu ndogo zinazoweza kufanyiwa hesabu moja moja. Sehemu hizo huitwa vitengo vya modeli. Kila kitengo hupewa mvua yake, udongo wake, mimea yake na mteremko wake. Maji yanayotoka humo hupelekwa katika kitengo kilicho chini yake, na hivyo hivyo mpaka kwenye mdomo wa mto.

Mbinu hii hutumika katika kukadiria wingi wa maji mtoni, kutabiri mafuriko, kupanga mabwawa na skimu za umwagiliaji, na kugawa maji kati ya watumiaji. Mstari wa mpaka si jambo dogo. Msitu, shamba au kijiji kilichoachwa nje ya mstari hakihesabiwi, na maji yake hayataonekana katika mpango wowote.

Istilahi

Bonde la mto, ambalo huitwa pia beseni la mto, ni eneo lote la ardhi ambalo mvua yake humwagika katika mto mmoja na matawimto yake. Lisichanganywe na bonde kwa maana ya ardhi ya chini kati ya vilima viwili. Bonde la mto lina milima, tambarare na miji ndani yake.

Mgawanyo wa maji ni mstari unaopita juu ya migongo ya milima na kutenganisha bonde moja na jingine. Tone linaloanguka upande huu wa mstari huenda mto huu, na la upande wa pili huenda mto mwingine.

Kidakio ni sehemu ya bonde inayomwaga maji yake katika tawimto moja au katika kipande kimoja cha mto. Neno hili hutumika pia katika usimamizi wa maji nchini Tanzania, ambako bonde hugawanywa katika vidakio.

Sehemu ya kutokea ni nukta moja ambako maji yote ya kidakio hupita yanapotoka: makutano ya mito, daraja, kituo cha kupimia maji, au mdomo ziwani au baharini.

Data za mwinuko za kidijitali ni jedwali kubwa la namba. Ardhi hugawanywa katika miraba iliyo sawa, iitwayo seli, na kila seli huandikiwa kimo chake juu ya usawa wa bahari. Jedwali la namna hii huitwa modeli ya mwinuko.

Sababu za kugawa bonde

Bonde la mto halina hali moja. Mvua ya mlimani si sawa na ya tambarare, udongo wa kichanga hunywa maji kuliko mfinyanzi, na msitu hupunguza kasi ya maji kuliko shamba lililolimwa. Mtu akichukua wastani wa bonde zima na kufanya hesabu moja, anaweza kupata jumla ya maji ya mwaka bila kosa kubwa, lakini hatajua maji hayo yalitoka wapi wala yatafika lini.

Kwa upande mwingine, kufanya hesabu kamili kwa kila mraba wa mita 30 katika bonde kubwa kunataka data nyingi ambazo mara nyingi hazipo. Vituo vya mvua vyenyewe viko mbalimbali. Ugawaji katika vidakio ni njia ya katikati. Vitengo huwa vidogo kiasi cha kuonyesha tofauti zilizo muhimu, na vikubwa kiasi cha kuhesabika.

Historia

Kabla ya kompyuta kazi hii ilifanywa kwa mkono. Mchoraji alitandaza ramani yenye kontua, kwa kawaida ya kipimo cha 1:50,000, akafuata migongo ya vilima kwa penseli na kuhakikisha kwamba mstari wake unakata kila kontua kwa pembe mraba. Eneo lililopatikana lilipimwa kwa planimita au kwa kuhesabu miraba kwenye karatasi ya grafu. Wanafunzi wa jiografia bado hujifunza njia hii, na inafaa sana kwa kukagua kazi ya kompyuta.

Mwaka 1945 Robert Horton, mtaalamu wa hidrolojia wa Marekani, alichapisha utaratibu wa kupanga mito kwa daraja. Arthur Strahler aliurekebisha katika miaka ya 1950. Kwa utaratibu wa Strahler, kijito kisicho na tawimto ni daraja la 1. Vijito viwili vya daraja la 1 vikikutana huzaa mto wa daraja la 2. Mito miwili ya daraja la 2 huzaa daraja la 3, na kuendelea.

Mwaka 1984 John O'Callaghan na David Mark walieleza jinsi ya kupata mito kutoka jedwali la mwinuko kwa kompyuta. Mwaka 1988 Susan Jenson na Julia Domingue walichapisha hatua kamili za kujaza mashimo, kupata mielekeo na kukata vidakio. Hatua hizo ndizo msingi wa programu nyingi mpaka leo. Mwaka 1997 David Tarboton alitoa njia inayoruhusu maji ya seli moja kugawanyika kwa seli mbili za jirani.

Mhandisi Mbrazili Otto Pfafstetter alibuni njia ya kuvipa vidakio namba. Matawimto manne makubwa ya mto hupewa namba shufwa 2, 4, 6 na 8 kuanzia chini kwenda juu, na maeneo yaliyo kati yao hupewa namba witiri 1, 3, 5, 7 na 9. Kila kidakio kinaweza kugawanywa tena kwa utaratibu ule ule kwa kuongeza tarakimu moja. Kwa hiyo mtu akiiona namba peke yake anaweza kujua kidakio kipi kiko juu ya kingine.

Vyanzo vya data

Chanzo kilichobadilisha kazi hii barani Afrika ni SRTM.  Mwezi Februari 2000 chombo cha anga-nje Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada, kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Data zenye seli za karibu mita 90 zilitolewa kwanza kwa umma. Zile za karibu mita 30 kwa Afrika zilitolewa mwaka 2014. Zote hupatikana bure.

Vyanzo vingine ni:

- ASTER GDEM, iliyotengenezwa na Japani na Marekani kutokana na picha za satelaiti, toleo la kwanza mwaka 2009.
- Copernicus DEM ya Ulaya, iliyotokana na satelaiti za rada za Ujerumani za TanDEM-X, yenye seli za mita 30 kwa dunia nzima.
- MERIT DEM ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Dai Yamazaki na wenzake kwa kuondoa makosa kadhaa ya SRTM, yakiwemo yanayoletwa na urefu wa miti.
- HydroSHEDS, iliyotengenezwa kutokana na SRTM chini ya uongozi wa Bernhard Lehner. Hii huja na mito na vidakio vilivyokwisha kuchorwa.

Kwa eneo dogo, kama mtaa wa mji, hutumika vipimo vya leza kutoka ndege au picha za droni, ambazo seli zake huweza kuwa chini ya mita 1.

Rada ya SRTM haikupenya msitu mnene hadi chini. Penye miti mirefu kimo kilichoandikwa ni cha mahali fulani kati ya matawi na ardhi. Msitu uliokatwa katikati huweza kuonekana kama bonde ambalo halipo.

Hatua za kazi

1. Kuandaa data. Vipande vya data huunganishwa na kukatwa kwa ukubwa unaozidi kidogo bonde linalotarajiwa. Data zilizo katika nyuzi za latitudo na longitudo hugeuzwa kuwa katika mita, kwa kawaida kwa mfumo wa UTM, ili eneo na mteremko vihesabiwe sawasawa.

2. Kujaza mashimo. Shimo ni seli iliyo chini kuliko jirani zake zote nane. Maji yakiingia humo kwenye hesabu hayatoki. Mashimo mengi ni makosa ya vipimo, kwa hiyo kompyuta huyapandisha mpaka yafurike, au hukata mfereji mwembamba wa kuyatoa maji. Mashimo ya kweli lazima yalindwe (tazama chini).

3. Kuzamisha mito. Ikiwa mto uliochorwa vizuri kwenye ramani upo, seli zinazopitiwa na mto huo hushushwa kwa mita kadhaa ili maji ya hesabu yafuate njia ya kweli. Hatua hii ni ya lazima katika tambarare na vinamasi.

4. Kupata mwelekeo wa mtiririko. Kwa kila seli kompyuta hutazama jirani nane na kuchagua ile yenye mteremko mkali kuliko zote. Njia hii huitwa D8.

5. Kuhesabu mkusanyiko wa mtiririko. Kila seli huandikiwa idadi ya seli zinazomwaga maji kwake, moja kwa moja au kupitia nyingine. Mgongo wa mlima hupata 0. Mdomo wa mto hupata mamilioni.

6. Kuchora mito. Huwekwa kizingiti, yaani idadi ya seli ambayo ikifikiwa panahesabiwa kuwa ni mto.

7. Kuweka sehemu za kutokea. Kila makutano ya mito huwa sehemu ya kutokea. Mtumiaji huongeza nyingine penye kituo cha kupimia maji, bwawa, mfereji au mpaka wa utawala.

8. Kukata vidakio. Kutoka kila sehemu ya kutokea kompyuta hupanda juu kinyume na mielekeo na kukusanya seli zote zinazomwaga hapo. Seli hizo ndizo kidakio.

9. Kukagua. Mipaka hulinganishwa na ramani za kontua, picha za satelaiti na maelezo ya wakazi. Eneo lililopatikana hulinganishwa na lile lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kituo cha kupimia maji.

Mfano wa hesabu

Jedwali lifuatalo ni la kubuni. Kila seli ina upande wa mita 30, na namba ni kimo kwa mita.

Safu A: 50, 47, 45, 48
Safu B: 46, 42, 39, 44
Safu C: 45, 38, 33, 40
Safu D: 47, 41, 28, 36

Tuchukue seli B2, yenye kimo cha mita 42. Jirani zilizo chini yake ni tatu: B3 (39), C2 (38) na C3 (33). Umbali wa kwenda B3 au C2 ni mita 30, lakini kwenda C3 ni mshazari, yaani mita 42.4. Mteremko wa kwenda B3 ni 3 ÷ 30 = 0.10; wa kwenda C2 ni 4 ÷ 30 = 0.13, wa kwenda C3 ni 9 ÷ 42.4 = 0.21. Maji ya B2 yanakwenda C3.

Tukifanya hivyo kwa seli zote tunapata mielekeo hii:

- A1 humwaga B2.
- A2, A3 na A4 humwaga B3.
- B2, B3 na B4 humwaga C3.
- B1, C1 na D1 humwaga C2.
- C2, C3, C4, D2 na D4 humwaga D3.

Sasa mkusanyiko. B3 hupokea seli 3. B2 hupokea 1. C2 hupokea 3. C3 hupokea B2 pamoja na seli yake 1, B3 pamoja na seli zake 3, na B4: jumla 7. D3 hupokea seli zote zilizobaki, yaani 15. Ukaguzi ni rahisi: jedwali lina seli 16, na 16 kutoa ile ya D3 yenyewe ni 15.

Tukiweka kizingiti cha seli 3, tunapata vijito viwili vinavyokutana D3: kimoja kinapita B3 na C3, kingine kinaanzia C2. Kidakio cha kijito cha kwanza kina seli 8, cha pili kina seli 4, na seli 4 zilizobaki (C4, D2, D4 na D3) ziko kwenye makutano yenyewe. Tukipandisha kizingiti kuwa 5, kijito cha C2 kinapotea na bonde linabaki na kijito kimoja. Ardhi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Uchaguzi wa kizingiti

Hakuna kizingiti kimoja kinachofaa kila mahali. Seli ya mita 90 ina eneo la km² 0.0081, kwa hiyo kizingiti cha seli 1,000 kina maana kwamba mto huanza baada ya kukusanya maji ya km² 8.1. Katika nchi ya mvua nyingi na miteremko mikali mito ya kudumu huanza mapema zaidi. Katika nyika kavu, eneo kubwa zaidi linaweza kutoa korongo tu, lenye maji siku chache kwa mwaka.

Kizingiti kidogo mno huleta mamia ya vidakio na mito isiyokuwepo. Kikubwa mno huficha tofauti zilizofanya bonde ligawanywe. Wataalamu hulinganisha mito iliyochorwa na kompyuta na ile ya ramani ya topografia, kisha hurekebisha kizingiti mpaka zikaribiane. Jambo la pili la kuzingatia ni data nyingine zilizopo. Kukata vidakio 200 katika bonde lenye vituo vinne vya mvua hakuongezi ujuzi, kwa kuwa vidakio jirani vitapewa mvua ile ile.

Vitengo vya mwitikio wa kihidrolojia

Kidakio kimoja bado kinaweza kuwa na msitu, mashamba ya chai na malisho kwa pamoja. Modeli ya SWAT, iliyotengenezwa na Jeff Arnold na wenzake katika idara ya utafiti wa kilimo ya Marekani, hukigawa zaidi kwa kupandanisha ramani tatu: matumizi ya ardhi, aina ya udongo na daraja la mteremko. Sehemu zote za kidakio zenye mchanganyiko mmoja huunganishwa kuwa kitengo kimoja cha mwitikio, hata zikiwa hazigusani. Kwa mfano, mahindi juu ya udongo wa mfinyanzi kwenye mteremko wa chini ya asilimia 5 ni kitengo kimoja.

Tofauti yake na kidakio ni kwamba kitengo cha mwitikio hakina mahali maalumu. Modeli hujua ukubwa wake lakini haijui kama mahindi hayo yako ukingoni mwa mto au juu ya kilima. Kwa swali la wingi wa maji jambo hili halisumbui sana. Kwa swali la mmomonyoko wa udongo unaofika mtoni linaweza kupotosha.

Mfano wa bonde la mto Mara

Mto Mara huanza katika kinamasi cha Enapuiyapui kwenye nyanda za juu za Mau nchini Kenya, kwa kimo cha karibu mita 2,900, na huishia Ziwa Viktoria karibu na Musoma nchini Tanzania, kwa kimo cha karibu mita 1,134. Urefu wake ni takriban km 395. Karibu theluthi mbili za bonde ziko Kenya na zilizobaki ziko Tanzania. Maandishi mbalimbali hutaja eneo la bonde kuwa kati ya km² 13,300 na 13,800. Tofauti kama hii hutokea pale watu wanapotumia data tofauti au wanapoweka sehemu ya kutokea mahali tofauti.

Kwa seli za mita 90 bonde hili lina seli karibu milioni 1.7, kwa seli za mita 30 ni karibu milioni 15. Liko katika ukanda wa 36 Kusini wa UTM.

Sehemu ya juu ni rahisi kuchora. Matawimto mawili, Nyangores unaopita Bomet na Amala unaopita karibu na Mulot, hushuka kutoka Mau kwa miteremko iliyo wazi na kukutana kuunda Mara. Kila kimoja kati ya vidakio hivi viwili kina karibu km² 700 mpaka kwenye kituo chake cha kupimia maji. Ni sehemu ndogo ya bonde, lakini ndiyo inayoupa mto maji wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua ya Mau hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo vidakio hivi havifai kuunganishwa na vya chini. Ukataji wa msitu wa Mau na upanuzi wa mashamba lazima vionekane peke yake katika modeli, la sivyo athari yake itamezwa na wastani wa bonde zima.

Chini zaidi mto hupokea Talek katika hifadhi ya Maasai Mara, kisha huvuka mpaka na kupita kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Mpakani huongezwa sehemu ya kutokea, ingawa hakuna makutano makubwa ya kulazimisha hivyo, ili nchi zote mbili zione kiasi cha maji kinachovuka. Kituo cha Mara Mines upande wa Tanzania hupewa nyingine. Rada ya angani haikujua mpaka wa nchi, na hilo ni faida: Kenya na Tanzania huweza kufanya kazi juu ya jedwali moja la mwinuko, badala ya ramani mbili zinazokatikia mpakani.

Ugumu uko mwishoni. Kabla ya kufika ziwani Mara huingia katika vinamasi vikubwa vya mafunjo, ambako ardhi iko karibu bapa. Rada ilipima vichwa vya mafunjo badala ya maji, na tofauti ya mita moja au mbili kati ya seli ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe. Kompyuta ikiachwa peke yake huchora mto ulionyooka kama rula, au kuupeleka ukingo usio wake. Hapa mto huzamishwa kwa kufuata picha za satelaiti, na daraja la Kirumi, kwenye barabara ya Musoma hadi Sirari, ni alama nzuri ya kuhakikisha kwamba mto wa hesabu unapita mahali pake.

Mashimo ya kweli

Katika Afrika ya Mashariki hatua ya kujaza mashimo ina hatari yake. Bonde la Ufa lina maziwa mengi yasiyo na njia ya kutokea: Natron, Manyara, Eyasi, Nakuru, Bogoria, na kusini-magharibi Ziwa Rukwa. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na moja kati ya hayo, Bonde la Kati, ni la mito inayoishia ndani ya nchi. Programu isiyoonywa itaona maziwa hayo kuwa ni makosa, itayajaza mpaka yafurike, na kuyapeleka maji yake katika bonde la jirani. Kreta ya Ngorongoro, ambayo kuta zake zina kimo cha karibu mita 600, itajazwa kama ndoo.

Dawa yake ni kuweka seli moja isiyo na kimo katikati ya kila ziwa la namna hii, ili programu ilihesabu kuwa ni mwisho halali wa maji.

Nyanda za Mau zinaonyesha uzito wa jambo hili. Upande wa magharibi maji huenda Mara na Sondu, kisha Ziwa Viktoria, Nile na Bahari ya Mediteranea. Upande wa kusini-mashariki Ewaso Ng'iro Kusini huenda Ziwa Natron na kukaukia katika magadi. Upande wa kaskazini-mashariki mto Njoro huenda Ziwa Nakuru. Kukosea seli chache kwenye mgongo huo ni kulihamisha eneo kutoka bonde la Nile kwenda bonde lililofungwa.

Mipaka ya mbinu

Data za mwinuko huonyesha uso wa ardhi tu. Maji ya chini ya ardhi hufuata miamba. Chemchemi za Mzima katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi hupata maji yake kutokana na mvua inayozama katika mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu na kusafiri chini kwa chini. Kidakio cha chemchemi hizo kilichochorwa kwa mwinuko peke yake hakitaeleza wingi wa maji yake.

Kazi za binadamu pia huvuka migawanyo. Bomba la Mzima hupeleka maji Mombasa, na bomba la Ihelele hutoa maji ya Ziwa Viktoria na kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Mijini, mitaro, makalavati na matuta ya barabara hugeuza mkondo mahali ambapo seli ya mita 30 haioni kitu. Ndiyo maana katika mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walitembea mitaani kuchora mitaro na kuuliza mafuriko yalifika wapi.

Njia ya D8 yenyewe hulazimisha maji yote ya seli kwenda upande mmoja. Kwenye mteremko uliobonyea hilo ni sawa. Kwenye mgongo wa kilima au kwenye delta, ambako maji hutawanyika, si sawa.

Programu

QGIS, GRASS GIS, SAGA na TauDEM ni programu huria zinazoweza kufanya hatua zote zilizotajwa kwenye kompyuta ya kawaida. HEC-HMS ya jeshi la wahandisi la Marekani na SWAT hupatikana bure na zina sehemu ya kukata vidakio ndani yake. Programu hizi hutoa jibu kwa data yoyote zitakazopewa, nzuri au mbaya. Ukaguzi wa kulinganisha na ramani, vituo vya kupimia maji na watu wanaoujua mto ndio unaoonyesha kama jibu hilo linafaa kutumiwa.